Asteroidi Apophis: Kwa Nini Hatari Ilizidi Kabla ya Kutoweka

Katika juma la mwisho la Desemba 2004, wataalamu wa falaki walitoa habari ya kutisha. Asteroidi moja, yaani jiwe kubwa linalolizunguka Jua kama sayari zifanyavyo, huenda ingegongana na Dunia tarehe 13 Aprili 2029. Tarehe 24 Desemba uwezekano wa jambo hilo ulihesabiwa kuwa mmoja katika 60 hivi. Tarehe 27 ukafikia mmoja katika 37. Kadiri vipimo vilivyoongezwa ndivyo hatari ilivyozidi. Kisha, siku ileile ya tarehe 27, mgongano huo wa 2029 ukaonekana kuwa hauwezekani kabisa.

Ulimwengu haukuishughulikia sana habari hiyo, kwa sababu tarehe 26 lilitokea tetemeko la Sumatra na mawimbi yake ya tsunami, yaliyofika hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Lakini waliozifuata hesabu hizo walijiuliza: je, wataalamu walikosea? Hawakukosea. Hatari kupanda na kisha kuanguka ghafla ni jambo la kutazamiwa, na sababu yake inaweza kuelezwa darasani kwa chaki na sarafu moja.

Hapana budi kuanza na kile ambacho darubini huonyesha. Anayetazama asteroidi hupata mwelekeo tu, hapati umbali. Hali yake ni kama ya mtu aliyesimama ufukweni usiku akaiona karabai ya wavuvi wa dagaa. Aweza kunyosha kidole kuielekea, lakini hawezi kusema kama ni taa hafifu iliyo karibu au taa kali iliyo mbali. Mwelekeo wa angani huandikwa kwa namba mbili, kama vile mahali duniani panavyoandikwa kwa longitudo na latitudo. Njia ya asteroidi, nayo, huelezwa kwa namba sita: ukubwa wa duaradufu yake, kiasi cha kurefuka kwa duaradufu hiyo, pembe tatu zinazoonyesha jinsi ilivyolala angani, na wakati ambapo jiwe lilikuwa mahali fulani katika njia hiyo. Kwa hiyo mielekeo mitatu, yenye namba mbili kila mmoja, ndiyo michache kuliko yote inayoweza kutosha. Kwa hesabu za namna hii Carl Friedrich Gauss, kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 24, aliwezesha Ceres kupatikana tena mwaka 1801. Giuseppe Piazzi alikuwa ameiangalia kutoka Palermo kwa siku 41 tu, kisha ikapotea katika mwanga wa Jua.

Lakini kutosha ni jambo moja na kuwa sahihi ni jambo jingine. Apophis iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 katika kituo cha Kitt Peak, Marekani. Ilionekana usiku wa siku mbili tu, ikapotea hadi Desemba, ilipoonwa tena kutoka Australia. Sababu ya taabu hiyo ni kwamba sehemu kubwa ya njia yake imo ndani ya njia ya Dunia, na hivyo aghalabu huwa upande wa Jua. Umbali wake wa wastani kutoka kwenye Jua ni 0.922 ya umbali wa Dunia. Mwanafunzi anayeijua kanuni ya tatu ya Kepler aweza kupata muda wa mzunguko wake. Kipeo cha tatu cha 0.922 ni 0.784, kipeuo cha pili cha 0.784 ni 0.885. Mwaka wa Apophis, basi, ni 0.885 ya mwaka wetu, yaani siku 323 hivi.

Tuseme muda huo umehesabiwa kwa kosa la dakika moja tu. Dakika moja katika siku 323 yaonekana kuwa si kitu. Lakini kutoka 2004 hadi 2029 Apophis huzunguka mara 28, na kosa hujirudia kila mzunguko hata likawa dakika 28. Jiwe hilo huenda mwendo wa kilometa 30 hivi kwa sekunde. Katika dakika 28 husafiri zaidi ya kilometa 50,000, karibu mara nne ya kipenyo cha Dunia. Anayetabiri siku ya kukutana hana nukta moja ya kuonyesha angani. Ana ukanda mrefu mwembamba uliolala juu ya njia ya jiwe, na jiwe laweza kuwa popote ndani ya ukanda huo.

Sasa mwalimu achore sakafuni mstari wenye urefu wa sarafu 100 zilizopangwa, na sarafu moja aiweke juu ya mstari, karibu na ncha yake. Mstari ni ukanda wa mashaka; sarafu ni Dunia. Kwa makadirio, uwezekano wa kugongana ni mmoja katika 100. Vipimo vipya vyaja, ukanda wafupishwa hadi urefu wa sarafu 37, lakini sarafu bado imo. Sasa uwezekano ni mmoja katika 37! Dunia haikusogea wala jiwe halikugeuza njia. Ni ujinga wetu uliopungua, na fungu la Dunia katika ujinga uliobaki likaongezeka. Mwalimu afute tena kidogo, na sarafu itabaki nje ya mstari. (Katika ukanda halisi sehemu zote hazina uzito sawa, ila kwa somo hili yatosha.)

Ndivyo ilivyotokea tarehe 27 Desemba. Katika picha zilizopigwa tarehe 15 Machi 2004, kabla asteroidi hiyo haijajulikana, ilikutwa alama yake hafifu. Alama hiyo ilirefusha muda wa vipimo kwa miezi mitatu nyuma, na ukanda ukafupika mno. Jambo lilo hilo lilirudiwa na asteroidi 2024 YR4: mwezi Februari 2025 uwezekano wa kugongana na Dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1, na katika siku chache ukashuka karibu na sifuri.

Mashaka yaliyobakia juu ya Apophis yalihusu miaka ya baadaye, kwa maana mvutano wa Dunia utaipinda njia yake mwaka 2029, na muda wa mzunguko wake utazidi mwaka mmoja. Machi 2021 mawimbi ya rada kutoka Goldstone, California, yaliigonga na kurudi. Rada hupima kile ambacho darubini haiwezi kukipima, yaani umbali, na hapa ulipatikana kwa usahihi wa mita 150 hivi, ilhali jiwe lilikuwa mbali kilometa milioni 17. Baada ya hapo ilihakikishwa kwamba Apophis haitaigonga Dunia kwa muda usiopungua miaka 100.

Tarehe 13 Aprili 2029 jiwe hilo, lenye upana wa mita 340 hivi, litapita kilometa 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini kuliko baadhi ya setilaiti za mawasiliano. Usiku huo litakuja kutoka upande wa Bahari ya Hindi, lipite juu ya Afrika na kuendelea magharibi. Litakuwa karibu kabisa kwenye saa 6:46 usiku kwa saa za Afrika ya Mashariki, likiwa limekwisha kufika juu ya Atlantiki. Darubini haitahitajika: litaonekana kama nyota ya mwanga wa kadiri inayotembea polepole kati ya nyota nyingine, ikiwa mawingu ya masika hayatalificha.