Lafudhi Ileile, Masikio Tofauti

Mimi ni mtoto wa Tarime. Nilipoingia chuoni, kila nikisema "twende kura", wenzangu walinijibu, "Uchaguzi bado, bwana." Nilicheka nao, lakini taratibu nikaanza kukwepa maneno yenye L.

Likizo iliyopita nikaenda Nairobi kwa shangazi. Siku ya kwanza nikamwambia muuza matunda, "Shikamoo mama, naomba ndizi mbiri." Akashangilia: "Wewe ni wa Tanzania! Hiyo Kiswahili yako ni tamu!" Akaniongeza ya tatu. Mbiri ileile iliyonichekesha chuoni ikanipa ndizi ya bure. Nini kilibadilika?

Tuanze na maana. Lafudhi ni namna mtu anavyotamka, na aghalabu inatokana na lugha yake ya kwanza na mahali alipokulia. Si sawa na lahaja, ambayo ina msamiati na sarufi yake pia. Kikurya hakina L, kwa hiyo ulimi hukimbilia sauti ya jirani, R. Kikuyu nacho hakina L, na Nairobi wasemaji wake ni wengi. Pale R yangu haikumshtua mtu. Walichosikia ni kiimbo na ile "naomba", wakaniweka kwenye kapu la Tanzania. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na sifa yake inatuangukia hata sisi wa Tarime tunaoiona Unguja kwenye ramani.

Ila sifa haikudumu. Muuza viatu aliponisikia tu, akajua mgeni kafika. Binamu yangu alipouliza viatu vilevile baadaye, alitajiwa karibu nusu ya bei yangu. Kwenye ofisi moja nilijaribu Kiingereza. Karani akatabasamu, kisha akamgeukia binamu na kumuuliza yeye shida yangu, kana kwamba mimi sipo. Mdomo mmoja, siku tatu: mtamu, mgeni, mjinga.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1999 Thomas Purnell, William Idsardi na John Baugh walichapisha utafiti wa California, Marekani. Baugh aliwapigia simu wenye nyumba za kupanga akitumia maneno yaleyale kwa lafudhi tatu za Kiingereza. Nafasi ya kukubaliwa kwenda kuiona nyumba ilibadilika kulingana na lafudhi na mtaa, ingawa hakuna aliyeuona uso wake.

Kwa sisi walimu watarajiwa, somo liko karibu zaidi. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha pili alisoma "kula" kama "kura". Darasa likaangua kicheko. Mimi nikacheka kuliko wote, wasije wakagundua kwamba mwalimu naye ni walewale. Mpaka naondoka, yule mtoto hakunyoosha mkono tena.

Sisemi tuache kusahihisha. Mahari na mahali ni vitu viwili, na mtihani hautamhurumia. Ila asahihishwe pembeni, kwa jozi za maneno: kura na kula, mahari na mahali, aweke ulimi na kurudia bila watazamaji. Na siku hiyo ningemwambia, "Hata mimi bado najifunza." Sentensi hiyo haina hata L moja, ningeweza kabisa kuitamka.