DARASA LA AFYA: DAWA YA KIFAFA NA MIZANI YA UBONGO

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba mgonjwa wa kifafa hapaswi kuiacha dawa yake kwa sababu tu ameacha kuanguka. Darasa hili linaeleza sababu yake.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa njia ya kemikali. Miongoni mwazo zimo asidi amino mbili: glutamati, ambayo huzichochea seli, na gaba, ambayo huzituliza. Gaba yenyewe hutengenezwa kutokana na glutamati, kwa kazi ya kimeng'enya kinachohitaji vitamini B6. Uchochezi unapoushinda utulivu, seli nyingi hutoa umeme kwa pamoja, na mtu huanguka.

Dawa huirejesha mizani hiyo kwa njia mbalimbali. Fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, huitia nguvu gaba iliyopo ili itulize kwa muda mrefu zaidi. Vigabatrini hukizuia kimeng'enya kinachoivunja gaba, na kiwango chake ubongoni hupanda. Valproeti nayo husaidia kuiongeza gaba, lakini yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa apate kwanza ushauri wa daktari.

Hapa nchini, kuanzia miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu kwa fenobabitoni wagonjwa wa Mahenge, ambao wengi wao walitengwa kwa dhana kwamba maradhi yao huambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana.

Ubongo uliozoea dawa, ukinyimwa ghafla, hubaki na uchochezi usio na kizuizi. Mgonjwa huweza kuanguka mfululizo hata akafa. Hivyo basi, mkulima wa mpunga wa Ndandalo, wilayani Kyela, ambako mvua za masika hufurisha mito na kukata njia, achukue vidonge vya kutosha mapema, kabla ya mafuriko. Kadhalika, mwajiri ampe mtumishi ruhusa ya kwenda kliniki.

Anayeanguka alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani. Na ikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali mara moja. Kupunguza au kusitisha dawa ni kazi ya daktari, tena kwa hatua ndogo ndogo.