Kuwafundisha Watoto Kuogelea

Ndugu zetu Waislamu, wako wasemao: "Ajali ikifika hapana hila." Ni kweli, lakini kuamini kadari hakuondoi wajibu wa kushika sababu. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Nasai, alihesabu kujifunza kuogelea katika mambo manne yasiyokuwa upuuzi. Basi mtoto wa pwani, wa kiume na wa kike, na afundishwe mapema kufumba kinywa, kuelea chali, kisha kurejea ukingoni na kushika. Msichana na afundishwe na wanawake wenziwe, kwa sitara. Lakini elimu hiyo peke yake haimtoshi mtoto mdogo: yeye huzama kimya, hata katika ndoo au birika. Jicho la mzazi lisimwache, na kisima kifunikwe. Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa.