Kumtunza Punda Wakati wa Kiangazi na Wakati wa Mvua

 Somo la leo ni juu ya mnyama ambaye tunamsahau mpaka ile siku anaanguka njiani. Ni punda, ambaye kwa Kikamba tunamwita ing'oi.

Hebu tuhesabu pamoja. Mwezi wa tisa mabwawa yamekauka, na kina mama wa Kitui na Makueni wanakwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa Tiva, wa Thua, wa Kaiti au mto wowote ulio karibu nao. Mama asiye na punda hubeba mtungi mmoja wa lita 20 mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Mwenye punda hurudi na mitungi minne. Kwa hivyo siku punda anapokufa, safari moja inageuka kuwa safari nne, na wanaozitembea ni mama na watoto. Mwalimu atauliza kwa nini mtoto hakuja shule Jumatatu. Jibu liko nyuma ya nyumba, pale tulipomzika punda.

Sisi tunaoandika somo hili tulipata funzo hili kwa njia ngumu. Kikundi chetu kilikuwa na punda wa pamoja, jike mpole sana. Tulimfunga mzigo kwa kamba ya nailoni, akachubuka kifuani. Tukapaka oili chafu ya gari juu ya kidonda, tukaendelea na kazi. Baada ya wiki mbili hivi akaanza kutembea kama meza, miguu imekakamaa. Masikio yakasimama, mkia ukainuka, mdomo ukakataa kufunguka. Debe lilipoanguka kando yake alishtuka akaanguka naye. Wengine wakasema ameumwa na nyoka, wengine wakasema mengine ambayo hatutayaandika hapa. Bwana mifugo alipofika akamwinua kichwa kidogo, akatuonyesha ngozi nyeupe iliyokuwa ikivuka jicho kutoka pembeni. "Hii ni pepopunda," akasema. Siku ya tatu tulikuwa tunachimba shimo.

Mzee mmoja wa kikundi akauliza, je, si jina lenyewe lilikuwa linatuambia siku zote? Na ni kweli. Lugha yetu imeuita ugonjwa huu kwa jina la punda, na sisi tulidhani ni ugonjwa wa watoto wachanga na wa watu waliokanyaga msumari tu. Kumbe punda na farasi huupata upesi kuliko mifugo mingine. Vijidudu vyake hukaa ndani ya udongo na ndani ya mavi. Huingia kwenye kidonda, hasa kile chenye shimo refu: mwiba, msumari katika kwato, kisu kichafu wakati wa kuhasi, au kitovu cha mtoto wa punda.

Chanjo iko. Punda huchomwa mara mbili, mara ya pili wiki nne hadi sita baada ya ya kwanza, halafu hurudiwa kama daktari atakavyopanga. Chanjo hii lazima ikae kwenye baridi tangu dukani mpaka kwenye shingo la punda, na ndiyo sababu mtu mmoja na punda wake mmoja huona gharama ni kubwa. Kikundi kikileta punda kumi na tano pahali pamoja asubuhi moja, daktari huja mara moja na gharama ya usafiri hugawanywa. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, kwa hivyo anzeni kuuliza katika ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo.

Na kidonda? Chemsha maji, yaache yapoe, tia kijiko kidogo cha chumvi kwa kila nusu lita, osha mpaka uchafu utoke. Halafu mpumzishe punda. Oili ya gari, majivu na maji ya betri huchoma nyama na kuzuia kidonda kupona. Kitovu cha mtoto aliyezaliwa kipakwe iodini siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa majira, maana hapo ndipo tumekosea wengi wetu. Punda anayekufa mwezi wa kumi alianza kufa mwezi wa sita.

Tazama jinsi mwaka wetu wa Ukambani unavyokwenda. Mvua ya Machi hadi Mei huwa haba. Kuanzia Juni ni ukavu mrefu hadi mvua ya Oktoba au Novemba, ile tunayoitegemea kwa mavuno. Katika miezi hiyo ya ukavu nyasi hupungua kila wiki, na maji husogea mbali kila wiki. Yaani chakula cha punda kinapungua kadiri kazi yake inavyozidi. Halafu mvua inanyesha, na kabla hajala jani moja la kijani tunamfunga jembe. Amekonda kuliko wakati wowote wa mwaka, na hiyo ndiyo siku tunayomtaka alime. Anaanguka kwenye mtaro, na tunasema punda huyu ni mvivu.

Basi kazi ya kiangazi huanza wakati bado kuna kitu shambani. Baada ya kuvuna, mabua ya mahindi na mtama, maganda ya mbaazi na majani ya kunde yasiachwe kuliwa na mchwa. Yawekwe juu ya jukwaa, chini ya paa. Punda wa kilo 150 anahitaji karibu kilo tatu za chakula kikavu kwa siku. Ng'ombe ndiye hupewa kwanza, tunajua, kwa sababu ana maziwa. Lakini tumwekee punda sehemu yake kando, na maganda ya migunga yanayodondoka watoto wayaokote.

Hapa tusimame kidogo juu ya mahindi mabovu. Watu wa Makueni na Kitui hatuhitaji kuelezwa habari ya ukungu. Mwaka wa 2004 sumu ya mahindi yaliyoota ukungu iliua watu 125 katika sehemu zetu na wilaya za jirani. Tangu wakati huo tumejifunza kuyatenga mahindi ya namna hiyo. Lakini tukishayatenga tunafanya nini? Wengi huwapa punda. Kuna ukungu mwingine wa mahindi ambao sumu yake huharibu ubongo wa punda na farasi. Mnyama huanza kuzunguka pahali pamoja, husukuma ukuta kwa kichwa, hupofuka, na kwa siku chache amekufa. Dawa yake hakuna. Mahindi yasiyofaa mtu hayamfai punda, hata ukiyatwanga, hata ukiyapika. Vilevile asipewe chakula cha kuku cha dukani, kwa sababu baadhi yake kimetiwa dawa ya kuzuia kuhara kwa vifaranga ambayo huharibu moyo wa punda.

Juu ya maji, kuna jambo la aibu kidogo. Tumeona punda akibeba mitungi minne kutoka mtoni, anafika nyumbani, anafungwa kwenye mti, na hakuna anayempa hata sufuria moja. Tunasema punda havumi kiu. Ni kweli anavumilia kuliko ng'ombe, lakini kuvumilia si kutotaka. Punda anayefanya kazi kwenye joto anahitaji karibu lita 20 kwa siku, ndiyo mtungi mmoja. Mpe mtoni kabla ya kumpakia, na ampate mengine jioni. Akikosa maji, mabua yale makavu hukwama tumboni, naye hulala akigaragara na kutazama ubavu wake. Wakati wa ukavu pia hula mchanga pamoja na nyasi fupi, na karatasi za plastiki karibu na soko. Akianza kugaragara hivyo, usimpe kazi wala usimlazimishe kunywa dawa za kienyeji. Mwite daktari siku hiyo, usingoje kesho.

Je, mzigo? Hapa tunajua mtabishana nasi, na mna haki. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150. Mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, ambayo ni kilo 40 hadi 50. Hiyo ni mitungi miwili. Minne ni kilo 80. Mama aliye kilomita sita kutoka mtoni atatuuliza, "Sasa mimi niende mara mbili?" Hatuna jibu jepesi. Vikundi vingine vimenunua mkokoteni wa matairi kwa pamoja, na kwenye magurudumu punda huvuta zaidi sana kuliko anavyobeba, mradi mzigo uwe umesawazishwa na usimlemee shingoni. Asiye na mkokoteni, angalau apunguze mtungi mmoja mmoja kila upande kuanzia Agosti, wakati mbavu zinapoanza kuonekana, na ampe punda siku moja kamili ya kupumzika kila wiki. Mwana-punda asibebe kabla ya miaka mitatu. Jike mwenye mimba apunguziwe kazi miezi mitatu ya mwisho. Na mkumbuke kwamba sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumlemeza mnyama kuwa kosa.

Tandiko si gunia moja lililotupwa mgongoni. Shona mito miwili ya gunia, jaza nyasi laini, iunganishe ili ikae kila upande na kuacha mfereji katikati, uti wa mgongo usiguswe. Ioshwe kila wiki, maana jasho likikauka huwa gumu kama ganda la mti. Kamba iwe ya katani au ya kitambaa kipana. Ile ya nailoni tulishawaambia ilitufanyia nini.

Mvua ikianza, mambo hugeuka. Mayai ya minyoo yaliyokuwa kwenye mavi huangua, na funza wake hupanda kwenye nyasi mbichi. Dawa ya minyoo ni mwanzoni mwa mvua na tena mvua ikiisha. Ipimwe kwa uzito, kwa sababu ukimpa nusu kwa kutaka kuhifadhi chupa, minyoo huzoea. Iwe ya kumezwa. Sindano ya ng'ombe isitumiwe kwa punda bila daktari. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe iitwayo amitrazi ikae mbali kabisa naye. Huua kupe kweli, lakini kwa punda husimamisha matumbo. Muuzaji dukani huenda hajui hivyo, kwa hivyo soma karatasi au umpe kijana wa shule akusomee.

Watu husema punda hahitaji nyumba. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, hulowa mpaka kwenye ngozi, na baridi ya usiku ikifuata huanza kukohoa. Paa la nyasi na upande mmoja wa kukinga upepo vinatosha, bora asimame pakavu. Kwato zikikaa kwenye matope na mavi huoza kwa chini na kunuka. Zisafishwe kila jioni kwa kijiti butu, na kila baada ya wiki sita hadi kumi zikatwe na mtu aliyefundishwa. Panga si chombo cha kwato. Kwa ndugu zetu wa upande wa Tsavo, kama Mtito Andei, Kibwezi, Mutomo na Ikutha, kuna pia mbung'o. Punda anayekonda ilhali anakula, mwenye homa inayokuja na kuondoka, apimwe damu.

Kisha kuna hatari ambayo haina majira. Mwaka wa 2016 machinjio ya punda yalianza kupewa leseni nchini kwetu, ngozi zikipelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Wizi ukaenea. Watu waliamka wakakuta kamba imekatwa, au mzoga msituni bila ngozi. Hesabu ya watu na mifugo ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8 Kenya, ya 2019 ilikuta zaidi kidogo ya milioni 1.1. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, Mei 2021 Mahakama Kuu ikaondoa marufuku, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15. Punda huchukua mimba mwaka mzima au zaidi, huzaa mmoja, na huyo mmoja hungoja miaka mitatu kabla ya kubeba. Aliyeibiwa leo hapati mwingine kesho, na bei mnaijua. Wekeni alama, mlale naye bomani, na mandishi yenu ya kununua na kuuza yawe mbele ya mzee wa kijiji.

Kwa mkutano ujao, kila mwenye punda aje naye. Pitisheni mkono juu ya mbavu, bila kubonyeza. Ukizisikia kidogo chini ya nyama, ni sawa. Ukizihesabu kwa macho, andikeni jina lake. Inueni tandiko mtazame ngozi, halafu inueni miguu yote minne. Mkimaliza, jadilianeni haya: Katika kikundi chetu, ni punda wangapi walikufa tangu kiangazi kilichopita, na mwezi gani? Nani hushika fimbo njiani, mwenye punda au mtoto aliyetumwa, na ameelezwa nini? Mabua ya msimu huu yako wapi sasa? Na nani atakwenda ofisi ya mifugo kuuliza siku ya chanjo? Andikeni jina la huyo mtu kwenye kitabu cha kikundi pamoja na tarehe.