Mwenzako Akisema Wewe Mzima

Somo: Ayubu 2:7-10, 2 Wafalme 20:1-7

Ukikutana na mzee na mkewe ukamuuliza mzee hali, mara ngapi anayejibu ni mke? "Hajambo, ni uchovu tu wa kazi." Na mzee anatikisa kichwa kukubali. Katika ndoa mtu hajijui peke yake kama ni mzima au mgonjwa. Anaambiwa na mwenzake, naye anaamini.

Mke wa Ayubu tunamsema sana. Lakini wale watoto kumi waliokufa siku moja walikuwa wake pia! Alimtazama mumewe kwa macho ya msiba, akaona maiti, akamshauri hivyo. Ayubu alikuwa na majipu. Nyumbani akaongezewa kukata tamaa. Ashukuriwe Mungu, alikataa.

Huku kwetu, mimi naogopa zaidi neno la kutuliza. Ndugu mmoja anayefanya kazi hotelini Diani alipimwa presha, akaandikiwa dawa za kila siku. Mama akamwambia, "Baba watoto, tumeshakuombea, wewe ni mzima. Ukizimeza hizo ni kama unamkana Mungu." Alisema kwa upendo kabisa. Ndugu akaacha dawa, na akajisikia vizuri, maana presha mara nyingi haiumi. Unaweza kupita 140 kwa 90 na bado ukabeba mizigo ya wageni mchana kutwa. Asubuhi moja akaamka mdomo umepinda, mkono hauinuki. Leo mama yule ndiye anayemvisha shati.

Nilisoma biashara, si udaktari. Kule tulifunzwa kwamba duka laweza kujaa wateja na bado linakula hasara. Hujui mpaka ufungue vitabu. Presha nayo ni hivyo, lazima ipimwe.

Na maombi je? Tunaomba, na mikono nitaendelea kuwawekea. Hezekia aliomba, Mungu akamwongezea miaka 15. Ahadi ilikuwa imeshatoka, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Hakuna aliyemwambia Hezekia hana imani.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: mume na mke mkae pamoja. Kila mmoja aseme kweli anavyojisikia mwilini, na mwenzake asimjibu mpaka amalize. Kisha mpange siku, mwende Msambweni au zahanati ya karibu, mkapimwe wote wawili.