Mtoto Akikamatwa, Swali la Kwanza ni Umri Wake

Tuseme watoto watatu wamekamatwa sokoni na simu ya mama mboga. Mmoja ana miaka 11, wa pili 13, wa tatu 16. Kosa ni moja, lakini kisheria hawako sawa. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inataka umri ujulikane kwanza.

Aliye chini ya miaka 12

Mtoto huyu hawezi kushtakiwa kwa jinai. Awali kikomo kilikuwa miaka 8. Hata hivyo, haachwi tu arudi sokoni. Suala lake hushughulikiwa na afisa wa watoto, kwani huenda ana njaa, hana mlezi, au ametumwa. Mtu mzima aliyemtuma anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe.

Aliye na miaka 12 au 13

Sheria huchukulia kwamba bado hawezi kupambanua jema na baya. Anayedai kwamba alijua alilotenda lazima aithibitishie mahakama kwa ushahidi.

Aliye na miaka 14 hadi 17

Anaweza kushtakiwa, lakini bado ni mtoto. Kesi yake haisikizwi hadharani, na hahukumiwi kifungo cha gerezani. Jina na picha yake havipaswi kutangazwa, hata kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Je, mama mboga atapata haki?

Ndiyo. Sheria inaruhusu kesi ya mtoto kutatuliwa bila kwenda hadi hukumu. Mtoto anaweza kutakiwa kuomba msamaha, kurudisha au kulipa alichochukua, kupata ushauri nasaha, au kurudi shuleni. Njia hii hufuatwa tu ikiwa mtoto amekubali kosa kwa hiari, upo ushahidi wa kutosha, na mzazi pamoja na upande wa mashtaka wameridhia. Mara nyingi aliyeibiwa hupata chake mapema kuliko angengoja kesi iishe.

Mzazi afanye nini?

1. Fika kituoni mara moja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Bila cheti, kijana wa miaka 17 mwenye mwili mkubwa anaweza kuchukuliwa kuwa mtu mzima. Usiwe nacho? Beba kadi ya kliniki au barua ya shule.
2. Omba afisa wa watoto ajulishwe.
3. Hakikisha mtoto hajawekwa pamoja na watu wazima. Katiba, Kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe tu pale ambapo hakuna njia nyingine, na kwa muda mfupi iwezekanavyo.
4. Mkumbushe mtoto kwamba ana haki ya kunyamaza. Asilazimishwe kukiri.
5. Uliza kuhusu wakili. Mtoto asiye na uwezo wa kumlipa anaweza kupewa na serikali.

Na majirani je?

Watoto hawa watatu wakipigwa na umati, hakuna atakayeuliza umri wao, wala nani aliyewatuma. Anayewapiga anatenda kosa la jinai, na simu huenda isipatikane tena. Mwite chifu au polisi. Kwa msaada kuhusu mtoto yeyote, piga simu bila malipo kwa nambari 116.