SOMO LA MWEZI: JE, YESU ALIISHI KWELI?



Siku hizi vijana wetu wa darasa la kipaimara huuliza waziwazi: "Tunajuaje kwamba Yesu aliishi kweli? Huenda ni hadithi iliyotungwa tu." Wazee wengine hukasirika na kumwamuru kijana anyamaze. Lakini kijana akinyamazishwa hapati imani. Hupata sababu ya kwenda kuuliza kwingine. Basi na tujifunze jinsi ya kumjibu.

Swali hili si geni. Katika karne ya 19 Mjerumani Bruno Bauer alilileta. Mwenzake Arthur Drews aliliandikia kitabu mwaka 1909. Na huko Uingereza Profesa G. A. Wells alilifufua mwaka 1971. Hoja yao kubwa ni kwamba karibu habari zote za Yesu tumezipata kwa wafuasi wake. Hoja hiyo tusiidharau. Tuipime kama wazee wa baraza wapimavyo ushahidi: Ni nani asemaye? Alikuwa karibu kiasi gani na jambo lenyewe? Je, ana faida gani kusema hivyo?

1. Paulo. Waraka wake kwa Wagalatia uliandikwa miaka ipatayo 20 tu baada ya msalaba. Katika sura ya kwanza asema alikaa na Petro Yerusalemu siku 15, akamwona na Yakobo, ndugu yake Bwana. Hapo Paulo hafundishi fumbo. Anaeleza safari yake na watu aliokutana nao. Mtu ambaye hakuzaliwa hawezi kuwa na ndugu wa kuamkiana naye.

2. Yosefo. Huyu alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Yerusalemu, wala hakuwa Mkristo. Katika kitabu chake cha historia ya Wayahudi, alichokimaliza karibu na mwaka 94, anamtaja Yesu mara mbili. Hapa tuwe waangalifu. Mahali pamoja maneno yanamsifu Yesu mno, hata wataalamu wengi husema kwamba mkono wa Mkristo fulani uliyaongeza baadaye. Maneno hayo tusiyatumie kama silaha. Shahidi aliyetiwa maneno kinywani huharibu kesi nzima. Lakini mahali pengine Yosefo aeleza jinsi Yakobo alivyouawa mwaka 62, naye amtambulisha kuwa ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Hayo wataalamu walio wengi huyakubali.

3. Tasito. Mrumi huyu aliandika karibu na mwaka 116. Akieleza moto ulioteketeza Roma mwaka 64, asema Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato, Tiberio alipokuwa Kaisari. Tasito aliwachukia Wakristo na kuiita dini yao ushirikina wenye madhara. Hakuwa na sababu ya kutupendelea.

Kijana aweza kuuliza tena: "Mbona hakuna aliyeandika siku zile zile?" Mwambie atazame habari za Pilato mwenyewe. Alikuwa liwali wa Uyahudi kwa miaka 10 hivi, lakini jiwe la kwanza lenye jina lake lilionekana mwaka 1961 tu, huko Kaisaria. Kama liwali alisahauliwa hivyo, tutashangaa nini kuhusu fundi seremala wa kijiji cha Nazareti?

Tena, tufikirie msalaba. Wayahudi walimngojea Masihi mwenye ushindi. Mtu atungaye hadithi ili avute watu hawezi kumpa shujaa wake kifo cha aibu, kifo cha watumwa na waasi. Paulo akiri kwamba jambo hilo liliwakwaza Wayahudi, na kwa Wayunani lilikuwa upuzi. Walilihubiri kwa sababu ndivyo ilivyotokea.

Lakini tusidai zaidi ya ushahidi. Bart Ehrman, mtaalamu wa Marekani asiyeamini tena Ukristo, aliandika kitabu mwaka 2012 akitetea kwamba Yesu aliishi kweli. Amekubali historia, wala hakumkiri Yesu kuwa Bwana. Historia yatufikisha Golgotha, ikatuonyesha mtu aliyesulubiwa. Kwamba alifufuka siku ya tatu, hilo twalipokea kwa ushuhuda wa Mitume na kwa imani. Anayemwambia kijana kwamba vitabu vya Warumi vimethibitisha ufufuo anamdanganya, na kijana akigundua atatupa yote mawili, uongo na kweli.

Kila Jumapili tunapoikiri Imani ya Mitume twalitaja jina la Pilato. Hakutajwa kwa heshima yake. Ametajwa kama tarehe, ili tujue kwamba wokovu wetu ulitendeka mahali fulani, siku fulani, mbele ya macho ya watu. Dini iliyojifunga hivyo kwenye historia haina haja ya kuogopa maswali.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
(a) Kwa nini ushahidi wa adui, kama Tasito, una uzito?
(b) Someni Wagalatia 1:18-19. Maneno hayo yanamjibu nani?
(c) Kuna tofauti gani kati ya kukubali kwamba Yesu aliishi na kumwamini?